Mdogo wangu kaguswa bega kwenye gwaride akiwa peku, hii ni haki kweli?

Dada wa Relini: Wakuu habari za jioni, naombeni ushauri nimechoka. Mdogo wangu wa boda yuko rumande huu mwezi wa pili, unyang'anyi wa kutumia silaha, dhamana hakuna na mnajua hiyo ni miaka 30. Ushahidi wote ni mtu mmoja aliyeporwa pikipiki usiku, anasema alimuona kwa taa ya pikipiki. Polisi wakafanya gwaride la utambulisho, yaani wakampanga dogo mstari mmoja na watu wengine wanane ili yule aliyeporwa aonyeshe mwizi ni nani, akamgusa bega dogo. Sasa siku hiyo dogo alikuwa kalala lokapu siku tatu, mkanda wamechukua, kashikilia suruali kwa mkono, peku, na wale wanane wametolewa stendi na viatu vyao, hata mimi ningejua nani katoka lokapu! Halafu asubuhi kabla ya gwaride akipelekwa chooni alipita kaunta, shahidi huyo huyo kakaa kwenye benchi. Tufanyeje?

Mzee wa Kordo: Pole dada. Hiyo ya kaunta ishikeni. Tangu kesi ya Mwango Manaa 1936, shahidi hatakiwi kumuona mtuhumiwa kabla, na wanaopangwa naye wafanane naye umri, kimo mpaka hali ya maisha. Mpelelezi wa kesi asiliendeshe yeye. Kuna fomu ya polisi ya gwaride, PF 186, mwishoni mtuhumiwa anaulizwa kama karidhika, dogo alijibu nini?

Chuma_Chakavu: Mi nimewahi kukabwa na panga jamani, ile sura huisahau. Msimfanye shahidi muongo.

Mzee wa Kordo: Hamna aliyesema muongo mkuu. Mtu anaapa na moyo wake wote na bado kakosea, ndo maana kwenye kesi ya Waziri Amani ya 1980 Mahakama ya Rufani inataka ujue shahidi alimuona mwizi kwa muda gani, umbali gani, mwanga gani, na kama alimjua kabla. Taa ya pikipiki inamulika mbele, mwizi alisimama wapi? Muombeni hakimu nakala ya maelezo ya mlalamikaji, muone kama alitaja hata kimo au nguo kabla ya gwaride.

Dada wa Relini: Nimetoka gerezani saa hizi. Anasema fomu alisaini ila hakusomewa, aliambiwa asaini arudishiwe mkanda.

Mzee wa Kordo: Aseme hivyo hivyo siku fomu inaletwa mahakamani, apinge kabla haijapokelewa. Asinyamaze.