Sensa za joto kwenye viyoyozi: naziweka wapi?

Mpangaji Juu: Wakuu, habari za jioni. Nina ofisi ndogo Mikocheni, vyumba vitatu, kila kimoja na kiyoyozi cha BTU 12,000. Kila miezi mitatu fundi anakuja, anashika bomba, anasema "gesi imeisha", nalipa. Mwezi haupiti joto limerudi, na Luku inakatika kama maji. Nimenunua DHT22 nne (sensa za joto na unyevu, si ile ya watu na makazi) na ESP32 (kijikompyuta cha kuzisoma), nikabandika ukutani. Vyote nimeweka 22, ila chumba kimoja kinasoma 24, kingine 29. Nimekosea wapi?

FundiBaridi: Mkuu, gesi ya kiyoyozi haiishi kama ya kupikia. Inazunguka humo humo miaka yote. Ikipungua, kuna mahali inavuja. Anayejaza bila kutafuta tundu anakuuzia miezi mitatu mingine.

Ukuta hauisemei mashine. Sensa moja iwe pale inapovuta hewa, nyingine inapopulizia. Subiri dakika 15, soma. Tofauti ya nyuzi 8 hadi 12 ni nzuri. Ikiwa 3 au 4, osha filta kwanza.

Binti Tanga: Kabla ya hapo zilaze zote nne meza moja usiku kucha. DHT22 inaweza kupotoka nyuzi 0.5 juu au chini, kwa hiyo mbili zikipishana nyuzi moja wala hakuna mbovu. Halafu soma na unyevu. Dar hii mwezi wa tatu, nguvu nyingi inaishia kukausha hewa, tofauti ya joto inakuwa ndogo hata mashine ikiwa nzima. Maji yanatoka kwenye mpira wa nje?

Kipanga: Hicho cha 29 hakipigwi na jua la jioni kweli?

Mpangaji Juu: Kinapigwa. Na sensa yake nilibandika juu ya ruta 🙈. Nimehamisha, tofauti sasa ni 11, 9, na cha tatu 4. Filta yake ilikuwa blanketi la vumbi. Nimeosha, imefika 6. Maji yanatoka, ila kidogo kuliko vingine.

FundiBaridi: 6 bado. Nenda nje, tazama lile bomba jembamba. Likiganda barafu na filta ni safi, hapo gesi kweli imepungua. Fundi apake povu la sabuni kwenye nati za maungio kabla hajagusa mtungi.

Mpangaji Juu: Limeganda jeupe. Anakuja kesho saa tatu. Sabuni nimeshanunua mwenyewe.