Naomba ushauri: mzigo wa TV nichukue Kariakoo au Kampala?

Habari zenu wakuu. Nina kiduka cha vifaa vya umeme hapa Kirumba, Mwanza. Laptop hazinisumbui, kompyuta ushuru wake wa forodha Afrika Mashariki ni 0%. TV ndizo zinanitoa jasho. Mteja anashika rimoti, anabonyeza bonyeza, akisikia bei anasema "nitarudi".

Na simlaumu. Ushuru unapigwa kwenye bei ya mzigo pamoja na nauli ya meli na bima, halafu VAT 18% inakaa juu ya jumla hiyo, ushuru ukiwemo. Yaani kodi nayo inalipiwa kodi! Bado lori kutoka Dar.

Sasa jirani ananiambia nifuate Kampala kupitia Mutukula, mpakani mwa Tanzania na Uganda, eti ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki hakuna ushuru. Ninavyojua, hiyo ni kwa bidhaa zilizotengenezwa kwetu, zenye cheti cha uasili. TV ya China haigeuki ya Uganda kwa kulala Kampala. Njia za panya sitaki, mtaji wenyewe ni wa VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa.

Mliowahi kupitisha mzigo Mutukula kihalali, inalipa? Au nibaki na Kariakoo, tuchangie kontena wafanyabiashara kadhaa?