Spika wa Reichstag Januari 1889: Wedell au Levetzow?

Kaole_Magofu: Wakuu, naandaa bango la Vita vya Abushiri kwa wageni wa Mji Mkongwe, Bagamoyo. Nataka kulitaja bunge la Ujerumani (Reichstag) lililoidhinisha fedha za Wissmann, afisa wa Kijerumani aliyetumwa kuzima vita hivyo. Jedwali moja lina wabunge 382, jingine 397. Spika huku Wedell-Piesdorf, kule Levetzow. Nishike lipi?

MtuwaPangani: Shika 397. Ile 382 ni ya uchaguzi wa 1871. Viti 15 vya Alsace-Lorraine, eneo lililotwaliwa toka Ufaransa, viliongezwa 1874.

Kwenye spika, waliochanganya ni wanaopanga majina kwa uchaguzi mkuu. Bunge lile lilichaguliwa Februari 1887, lakini spika alichaguliwa upya kila mkutano wa bunge ulipofunguliwa. Wedell aliachia kiti 1888 akawa waziri wa nyumba ya kifalme ya Prussia. Mkutano wa Novemba 1888 ukamchagua Levetzow. Fedha za Wissmann, Mark milioni 2, zilipita 30 Januari 1889, kwa hiyo andika Levetzow.

Kaole_Magofu: Shukrani. Basi niandike "wabunge 397 walipiga kura"?

Mwambao88: Hapana! 397 ni viti, si vichwa vilivyokuwemo ukumbini. Akidi, yaani idadi ya chini ya kuhalalisha kura, ilikuwa 199, na hata hao kuwapata ilikuwa kazi, maana wabunge hawakuwa na posho mpaka 1906. Wa mbali na Berlin wengi walibaki makwao. Andika "Bunge lenye viti 397 liliidhinisha".

Na Bismarck, kansela (mkuu wa serikali), usimwite kiongozi wa bunge. Kansela aliteuliwa na Kaisari. Wabunge hawakumchagua wala hawakuweza kumng'oa. Mkononi mwao walikuwa na mfuko wa fedha, ndiyo maana ilibidi aende kuwaomba. Hoja ya kupinga biashara ya watumwa aliileta Windthorst wa Zentrum, chama cha Wakatoliki, Desemba 1888, na serikali ikaipandia hapo hapo: sheria ya fedha ikavishwa kanzu ya kukomesha utumwa.

MtuwaPangani: Nyongeza, kama utaweka orodha ya wabunge. Majina ya 1887–1890 yanazidi 397 kwa sababu ya chaguzi ndogo: aliyefariki au kujiuzulu alizibwa pengo. Angalia tarehe ya kuingia, si jimbo peke yake. Pia asipopatikana mwenye zaidi ya nusu ya kura, wawili wa juu walirudi kwenye duru ya pili, hivyo aliyeongoza duru ya kwanza si lazima ndiye mbunge.