Eti vyombo ninavyouza vilitokana na vita?

Mama Vyombo, Dodoma

Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Nauza vyombo vya ndani soko la Sabasaba, Dodoma mjini: mabeseni, ndoo, makopo ya mifuniko, na madumu ya lita 20, ambayo kiangazi ndiyo yanayolipa kodi ya meza maana maji mtaani ni ya mgao. Jana kijana mmoja wa chuo alinunua dumu akaniambia, "Mama, hiki ni chombo cha jeshi." Akasema nusu ya meza yangu imetokana na Vita ya Pili ya Dunia. Akalipa, akaenda zake.

Naomba mwenye kujua anieleze. Ni kweli? Na kama ni kweli, kitu cha askari kilifikaje jikoni kwa mama wa Nkuhungu? Hili la pili ndilo linalonikera, kwa sababu miaka yangu sokoni imenifundisha kwamba chombo hakijiuzi chenyewe.

Mwalimu wa Kongwa

Mama, pole na biashara. Kwenye dumu kijana yuko sahihi kabisa.

Wajerumani walilibuni mwaka 1937, la chuma, lita 20, kwa petroli ya magari ya jeshi. Waingereza walienda vitani jangwani Afrika Kaskazini na madebe ya bati jembamba ya galoni 4, karibu lita 18. Debe tunalopimia karanga mpaka leo lina ukubwa uleule. Yale yao yalikuwa yanafumuka mishono njiani, petroli inaishia mchangani. Walipoteka madumu ya Wajerumani wakayang'ang'ania, kisha wakayaiga viwandani. Lile la chuma lina vishikio vitatu juu. Ukishika cha katikati unabeba peke yako, mkishika vya pembeni mnabeba wawili, na matupu mawili unayashika kwa mkono mmoja. Hapo kuna mtu alikaa akawafikiria wabebaji.

Plastiki ya mabeseni mengi, inayoitwa polithini, ilianza kabla ya vita. Iligunduliwa 1933 kwenye maabara ya kampuni ya kemikali ya ICI huko Northwich, Uingereza. Vita ilipoanza ikatumika kufunika nyaya za rada, na kwa wepesi wake rada ikaweza kufungwa ndani ya ndege. Ikafika 1945: viwanda vipo, mashine zipo, oda ya jeshi haipo. Ndipo wakaanza kutazama majikoni.

Fundi Seremala, Chang'ombe

Shikamoo mama, shikamoo mwalimu. Naongezea upande wa mbao.

Charles na Ray Eames, mtu na mkewe kule Los Angeles, walikuwa wanahangaika kutengeneza kiti cha plaiwudi iliyopindwa. Aliyewahi kupinda plaiwudi anajua: upande mmoja inakubali, ukiilazimisha na upande wa pili inapasuka. Mwaka 1942 jeshi la majini la Marekani likawapa kazi ya kutengeneza gango la kufungia miguu ya majeruhi. Wakabandika vinia, yaani karatasi nyembamba za mbao, kwa gundi, tabaka juu ya tabaka, wakazikandamiza kwenye fomu kwa joto. Ukilitazama gango lenyewe utaona matundu na mipasuo mirefu. Sehemu hizo zimekatwa makusudi ili mbao ipate pa kujikunjia bila kupasuka. Nilipoiona picha yake nilikaa nayo muda mrefu, maana ndipo ninapokwama mimi kwenye kona za viti.

Vita ilipokwisha walirudi kwenye viti vyao, na safari hii vilikubali. Kwa hiyo mimi siisifu vita. Wazo walikuwa nalo tayari, wakakosa gundi, mashine na hela. Inaniuma kwamba hela hizo zilipatikana kwa sababu watu walikuwa wanavunjika miguu.

Mama Vyombo, Dodoma

Marahaba mwanangu. Asanteni, naelewa. Lakini swali langu la pili bado: nani aliwashawishi kina mama?

Mwalimu wa Kongwa

Earl Tupper, Mmarekani, alitengeneza makopo ya plastiki hiyohiyo yenye mfuniko usiopitisha hewa. Madukani yalidoda, kwa sababu wateja hawakujua kuyafunga. Ilibidi ubonyeze mfuniko katikati, uinue ukingo kidogo hewa itoke, ndipo uukaze. Aliyeokoa biashara ni mwanamke, Brownie Wise. Yeye alikuwa anaonyesha makopo sebuleni, majirani wamekaa, kila mmoja anajaribu kwa mikono yake. Mwaka 1951 Tupper akayaondoa madukani, yakawa yanauzwa majumbani tu.

Ila si kila chuma cha vita kilifaa amani, na ushahidi uko hapa kwetu. Uingereza ilikuwa na mgao wa majarini na mafuta ya kupikia uliodumu hadi 1954. Serikali yao ikaja Kongwa 1947 kulima karanga za kukamua mafuta. Matrekta hayakutosha, kampuni ya Vickers ikageuza vifaru vya Sherman kuwa matrekta. Udongo wetu ukikauka ni mgumu kama saruji, na mvua zetu hazina ahadi. Wagogo waliokuwa wanaishi hapa walilijua hilo, ila waliopanga mradi walikuwa London. Ulifutwa 1951 na pauni milioni 36 zikapotea. Wanafunzi wangu huwa nawaambia waanze kwa kuwauliza wazee.

Mama Vyombo, Dodoma

Huyo Brownie Wise nimempenda. Nina makopo ya mifuniko yamekaa muda mrefu, wateja wanayageuza wanayarudisha mezani. Wenzangu wa vikoba tunakutana Jumapili Nkuhungu. Nitayabeba, nitaweka na unga wa uwele ndani, kila mmoja afunge na kufungua mwenyewe. Fundi, nipe bei ya rafu ya plaiwudi, futi nne kwa tatu.

Fundi Seremala, Chang'ombe

Mama, nitapita Sabasaba kesho asubuhi nipime kwanza. Meza za pale hazilingani.