Mjadala: Kipimo cha selimundu kabla ya ndoa kiwe lazima Zanzibar?

Mwanzisha mada, Wete: Asalaam alaykum. Saudi Arabia tangu 2004 wachumba lazima wapimwe selimundu, ingawa majibu hayazuii ndoa. Wote wawili wakiwa AS (wabebaji wa jeni moja ya selimundu, wenyewe si wagonjwa), kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa mtoto SS, yaani mgonjwa mwenye jeni mbili. Na kwetu iwe hivyo: bila cheti, kadhi asifungishe.

Fundi wa maabara, Chake Chake: Sheikh, kwa kipimo gani? Sikilingi, ile ya tone la damu na kemikali ya metabisulfaiti, inaonesha seli zimejikunja, basi. Haitenganishi AS na SS. Thalasemia beta, tatizo jengine la damu la kurithi, haiioni kabisa, na mwenye nayo akizaa na AS wanaweza kupata mtoto mgonjwa. Inatakiwa elektroforesisi, inayotenganisha aina za hemoglobini kwa umeme, pamoja na picha kamili ya damu. Aliyeongezewa damu asubiri miezi 3, la sivyo utasoma damu ya mtu mwengine.

Mkunga, Mkoani: Na wakati je? Posa imekubaliwa, mahari yametoka, kadi zimesambazwa, ndipo inakuja karatasi ya AS mbili. Aibu yote itamwangukia binti. Anzeni na mtoto mchanga, tone la kisigino kabla mama hajaruhusiwa. Kwake sikilingi hudanganya, maana hemoglobini ya tumboni, ile ya kabla ya kuzaliwa, bado imejaa. Tumieni vibao vya kipimo cha haraka vinavyosoma hemoglobini A, S na C. Akiwa SS, apewe antibiotiki ya kinga, penisilini V, miligramu 125 mara mbili kwa siku, ianze kabla hajatimiza miezi 3, na chanjo ya nimokoko, bakteria wa nimonia, isikosekane.

Mwanzisha mada: Bi mkunga, huyo keshazaliwa mgonjwa. Mimi nataka kuzuia.

Mfamasia, Unguja: Keshazaliwa, na ana haki ya kuishi. Haidroksiyurea, dawa ya kumeza ya selimundu, katika utafiti wa REACH uliochapishwa 2019 (Angola, Kongo-Kinshasa, Kenya, Uganda), ilipunguza maumivu, malaria, kuongezewa damu na vifo. Kwa mtoto huanzwa kama miligramu 20 kwa kilo kwa siku. Wa kilo 10 anahitaji 200, kapsuli ni ya 500. Mzazi akiifungua na kukadiria kwa jicho, dozi inazidi na nyutrofili, chembe nyeupe za kinga, zinaporomoka. Igawanywe famasi. Chembe sahani, zinazogandisha damu, zikishuka chini ya 80,000 kwa mikrolita, dawa isimamishwe mpaka zipande. Casgevy, tiba ya kuhariri jeni iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani 2023, bei yake Marekani ni dola milioni 2.2, tena uboho, unaotengeneza damu ndani ya mifupa, huuliwa kwanza kwa dawa kali ya busulfani. Tusiingoje hiyo.

Mwanzisha mada: Nimekuelewa. Basi wapimwe skuli, kabla posa haijatajwa?

Fundi wa maabara: Hapo nipo nawe. Ila majibu apewe mwenyewe na mzazi wake faragha, si kusomwa darasani.