Nimepunguzwa kazi Ayalandi, nataka kusoma kutwa: BTEA, SUSI au nibaki Jobseeker's?

Bint Pangani
Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Kampuni yetu hapa Cork inapunguza watu na jina langu limo. Nina miaka 34, nimefanya kazi hapo miaka sita, nina diploma ya nyumbani na nimeshapata uraia wa hapa. Nataka kuingia chuo mwezi wa tisa kusoma shahada, kutwa. Ninachoogopa ni kodi ya nyumba. Nikianza masomo malipo ya serikali yanakatwa? Wengine wananiambia nichukue Back to Education Allowance, yaani BTEA, posho ya serikali kwa wanaorudi kusoma, wengine wanasema SUSI, ruzuku ya serikali kwa wanafunzi, inatosha, na shemeji anasisitiza nibaki Jobseeker's, yaani malipo ya mtafuta kazi, nisome jioni. Kipi ni kipi?

Mzee wa Limerick
Pole sana binti, na hongera kwa kutaka kusoma. Kitu cha kwanza cha kuelewa: Jobseeker's analipwa mtu aliye tayari kuanza kazi hata kesho. Ukijiandikisha masomo ya kutwa, kwa macho yao hauko tayari tena, na malipo hayo husimama. BTEA iliwekwa kwa ajili ya pengo hilo hilo: inachukua nafasi ya Jobseeker's wakati unasoma.

Kwa kawaida, kusoma shahada kwa BTEA kunataka uwe umeshakaa kwenye malipo siku 234, ambazo ni kama miezi tisa. Kwa masomo ya ngazi ya sekondari ni siku 78. Lakini aliyelipwa fidia ya kisheria ya kupunguzwa kazi hasubiri siku hizo. Fidia hiyo anaipata aliyefanya kazi kwa mwajiri mmoja wiki 104 na zaidi: mshahara wa wiki mbili kwa kila mwaka, na wiki moja juu yake, ila wiki haihesabiwi zaidi ya yuro 600. Miaka yako sita inakutosha kabisa.

Sharti moja watu hulipita mbio: haki yako ya malipo ya mtafuta kazi iwe imeshakubaliwa KABLA darasa halijaanza. Siyo fomu ipo mezani kwa mtu, imeshakubaliwa. Kwa hiyo siku kazi inapoisha, nenda Intreo, ofisi ya serikali ya malipo na ajira, na barua ya mwajiri, usingoje chuo kikujibu.

Kaka Mti Mkavu
Naunga mkono Mzee. Mimi niliingia Intreo na karatasi zote kwenye bahasha moja: barua ya kupunguzwa, hesabu ya fidia, hati ya kukubaliwa chuoni. Ofisa aliangalia tarehe mbili tu, ya mwisho wa kazi na ya kuanza kwa masomo, kisha akanipa fomu ya BTE1. Tarehe hizo zikipishana vibaya ndipo mambo hukwama.

Halafu kuna ngazi. Lazima upande. Mwenye shahada ya ngazi ya 8, yaani ya kwanza ya heshima, hapati BTEA kwa shahada nyingine ya ngazi hiyo hiyo. Uzamili wa kawaida haumo, isipokuwa Higher Diploma au ile ya ualimu, Professional Master of Education, na hapo umri ni kuanzia miaka 24. Diploma yako ya nyumbani ipeleke QQI, wanaolinganisha vyeti vya nje, waseme inalingana na ngazi gani hapa. Ikihesabiwa chini ya shahada, huna tatizo.

Nuru Bahari
Kuhusu SUSI: watu wanazilinganisha hizi mbili kama vile lazima uchague moja, na sivyo hasa. SUSI ina sehemu mbili, ada na hela ya kujikimu. Ukiwa na BTEA huwezi kuchukua ile ya kujikimu, lakini ada unaweza kuombea SUSI. Kwa mtu mzima mwenye kodi ya nyumba mimi naona BTEA kwa maisha na SUSI kwa ada ndiyo njia inayoeleweka. BTEA haipimwi kwa kipato, na unaruhusiwa kufanya kazi za saa chache bila kukatwa.

SUSI wao wanaangalia kipato cha mwaka uliotangulia, yaani mwaka uliokuwa na mshahara! Ukiona kinakuzidi, waambie kwamba hali imebadilika na uambatishe ushahidi wa kupunguzwa.

Nyongeza kwa wasio raia: Stamp 4, kibali cha kuishi hapa, peke yake haitoshi kwa SUSI, wanaangalia umeipataje.

Shemeji wa Pangani
Ndiyo mimi aliyesema abaki Jobseeker's, na sababu ninayo. Tangu 31 Machi 2025 malipo mapya yanafuata mshahara: aliyechangia PRSI, bima ya jamii inayokatwa kwenye mshahara, miaka mitano na zaidi anapata asilimia 60 kwa miezi mitatu ya kwanza, mwisho yuro 450 kwa wiki, kisha 55 hadi yuro 375, kisha 50 hadi yuro 300. Akisoma jioni kupitia Springboard+, mpango wa serikali wa kozi za vyuo, masomo ni bure kwake na malipo yanaendelea. Kwa nini aache hela hiyo?

Mzee wa Limerick
Bwana shemeji, hoja yako ina uzito, na kwa mtu anayetaka cheti cha mwaka mmoja arudi kazini ningemwambia hivyo hivyo. Lakini malipo hayo yana mwisho, miezi tisa. Baada ya hapo ni Jobseeker's Allowance, inayopimwa kwa kipato, na akiba inayozidi yuro 20,000 inaingia kwenye hesabu, fidia ikiwemo. Shahada ni miaka mitatu au minne. BTEA inamfuata mpaka amalize kozi, mradi anapanda mwaka hadi mwaka. Kabla hajahama amwombe ofisa kiwango cha BTEA kwa maandishi, aweke na ile asilimia 60 kando, alinganishe mwenyewe.

Kaka Mti Mkavu
Na kiangazi jamani. BTEA hailipwi likizo ndefu kati ya mwaka mmoja na mwingine. Unarudi kuomba Jobseeker's au unatafuta kazi ya msimu. Mwenye fidia benki akiitumia yote kwenye gari mwaka wa kwanza, Juni inamkuta pabaya. Mimi fidia yangu niliigawa kwa viangazi vilivyobaki, sikuigusa vinginevyo.

Bint Pangani
Nawashukuru mno. Shemeji, usinune, nimekusikia. Nimeamua BTEA na ada SUSI, kwa sababu nataka shahada na siyo cheti kingine. Kazi inaisha Ijumaa ya mwisho wa Juni, Jumatatu yake niko Intreo. Maombi ya chuo nilipeleka CAO, ofisi inayopokea maombi ya vyuo, kama mwanafunzi mtu mzima kabla ya 1 Februari, nasubiri jibu.

Nuru Bahari
Safi, hiyo tarehe ya CAO ndiyo huwaacha wengi. Ukipata jibu la chuo, peleka BTE1 wiki hiyo hiyo, na kila barua unayowapa ipige picha kwanza.