Refraktomita, maikrowevu au skana ya mwanga: ninunue gani?

MamaMatunda: Habari zenu. Nina stoo ndogo Kangemi, nanunua avokado za Hass kutoka Murang'a na maembe ya Makueni. Juzi mteja wa hoteli kanirudishia kreti nne. Wiki nzima hazijaiva, zimenyauka tu, ndani ni raba. Nje zilikuwa safi kabisa! Nimeona vimashine vya mkononi vya mwanga, unagusisha tunda unapata namba. Refraktomita ninayo. Nani amelinganisha?

Kabete_Lab: Kwa avokado, refraktomita iweke kando. Nayo hutumia mwanga, lakini inaonyesha tu jinsi tone la maji ya tunda linavyopinda miale, yaani sukari. Ni nzuri kwa embe lililoiva. Ukomavu wa avokado uko kwenye mafuta, na mafuta yakipanda, sehemu kavu inayobaki maji yakitoka hupanda pia. Kiwango cha UNECE, tume ya uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Ulaya, kwa Hass ni sehemu kavu isiyopungua asilimia 21. Nadhani zako zilichumwa changa.

Broka_Mstaafu: Mimi ni wa maikrowevu. Naparuza nyama ya tunda iwe nyembamba, gramu 10 kwenye kisahani, moto mdogo, napima, narudisha, mpaka mizani isishuke tena. Ikibaki gramu 2.3, hiyo ni asilimia 23. Mizani iwe ya kusoma sehemu za gramu, si ile ya buchari. Ubaya wake, tunda limeshakufa, na matunda matatu hayawezi kusemea kreti arobaini.

Kabete_Lab: Hapo ndipo skana inashinda, unapima hata kila tunda bila kulikata. Nyingi za mkononi hurusha mwanga wenye mawimbi ya urefu wa takriban nanomita 700 hadi 1100, ambao jicho halioni sehemu yake kubwa. Maji huunyonya sana karibu na 970, na mashine inasoma unaorudi. Lakini jibu lake ni makisio, hesabu iliyofunzwa kwa matunda yaliyopimwa kwa mwanga kisha yakakatwa na kukaushwa. Na mwanga hauendi mbali ndani, kwa hivyo ganda nene la Hass linasumbua kuliko la embe.

Kijana_Marikiti: Kikundi chetu kilinunua moja. Ilikuja na hesabu ya maembe ya nchi nyingine, maembe yetu ya aina ya Apple yakatoa namba za kuchekesha. Embe lile lile, asubuhi namba hii, saa nane mchana likitoka kwenye lori lenye joto, namba ile. Tulikaa wiki tatu tukikata na kukausha ndipo ikatulia. Muuzaji hakututajia hayo hata kidogo.

MamaMatunda: Kumbe hata nikinunua skana, maikrowevu iko pale pale?

Kijana_Marikiti: Iko, mama. Na msimu ukibadilika unaanza kukagua upya.

Broka_Mstaafu: Kwa mzigo wako anza na mizani. Na ukiwa shambani, kabla hujatoa pesa, pasua moja uangalie ngozi ya kokwa. Ikiwa nyeupe na nene, hiyo ni changa. Iliyokomaa ina ngozi ya kahawia, nyembamba kama karatasi.

MamaMatunda: Naenda Murang'a Alhamisi. Kisu nimeshaweka kwenye mkoba.